Jiwe la Mama Mdogo

Asukile alipewa zawadi akiwa hayupo. Huo ndio utaratibu wa watu wakubwa: kwanza wanakubaliana wao kwa wao kwamba unahitaji, kisha wanakubaliana kwamba umeshukuru, halafu ndipo wanakutafuta wakupe habari. Siku hiyo alikuwa bondeni anakata majani ya ng'ombe, mvua imemloanisha mpaka mfukoni. Aliporudi na mzigo kichwani alimkuta shemeji yake Asajile amekaa kibarazani, anakunywa chai ya maziwa aliyojimiminia mwenyewe.

Asajile alikuwa kaka mkubwa wa Ikupa, marehemu mke wa Asukile. Tangu Ikupa azikwe, mwaka sasa ulikuwa unakaribia kutimia, na shemeji huyo hakuwahi kufika pale bila kikao nyuma yake. Akaeleza polepole, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani, kwamba ukoo umekaa, kwamba Venance amejitolea kumjengea mama yake mdogo kaburi la kisasa, saruji na marumaru, na jiwe la maandishi upande wa kichwani, na kwamba yeye Asajile, kwa ukubwa wake, amekwisha kusema ndaga fijo, asante sana, kwa niaba ya wote.

"Kwa niaba yangu pia?" Asukile akauliza.

"Kwani wewe si wetu?"

Asukile akatua majani yake. Aliona majibu kama manne hivi, yote mabaya, akayameza, kwa sababu binti yake alikuwa jikoni anasikiliza.

Huyo Venance alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa Asajile na Ikupa. Zamani alimwita Ikupa mama mdogo na Asukile baba mdogo, akaja kula ndizi zao na maziwa yao, akaenda. Kisha akachaguliwa diwani. Tangu hapo wakawa wananchi wake kama wananchi wengine, wanamwona akipita na vioo vimepandishwa. Jina la baba mdogo lilirudi mwaka huu, maana mwaka huu kura zilikuwa zinakaribia tena, na shamba la Asukile liko kandokando ya barabara iendayo Tukuyu mjini. Kaburi la Ikupa lilikuwa pale pale kwenye migomba, hatua kumi kutoka barabarani. Mtu akiwa juu ya pikipiki anaweza kusoma chochote kilichoandikwa hapo bila kupunguza mwendo.

Kwa kawaida Asukile hakuhitaji sababu ya kuwasema wakubwa. Kwake yeye hakuna kilichowahi kuharibika chenyewe. Daraja likisombwa, ni wao. Majani ya chai yakinyauka kituoni gari halijaja, ni wao. Kuku akiacha kutaga, ni wao, maana nani aliyeruhusu chakula kibovu kiuzwe madukani? Majirani walikuwa wamemzoea, wakamwacha aseme. Lakini katika jambo la kaburi alikuwa na sababu ya kweli, na kwa kuwa ilikuwa ya kweli hakuwa ameisema kwa mtu.

Ikupa hakutaka saruji. Alisema hivyo si mara moja. Alikuwa mwanamke wa kulima peku, hata baridi ya Juni, na alipokuwa akisikia wenzake wakisifia makaburi ya vigae alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoganda vibaya. Siku moja, miguu imemvimba, Asukile anamkanda, alimwambia: "Mimi msinifunike na saruji. Nimelala na udongo kwenye kucha miaka arobaini. Niacheni nao." Asukile akamwahidi. Basi katika vyote vilivyompita mikononi, ahadi hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakuna kikao kilichokijadili. Kila Jumapili alipalilia kile kichuguu cha kaburi kwa mkono, akakilainisha, akakaa pembeni kidogo akimweleza marehemu nani kamuudhi wiki hiyo.

Na kulikuwa na hili la zahanati. Kijijini kwao ilijengwa zahanati nzuri, madirisha ya vioo, rangi nyeupe juu na bluu chini. Venance aliifungua rasmi kwa utepe na ngoma. Kesho yake ikafungwa kwa kufuli kungoja vifaa, na vifaa vikawa vinangoja mganga, na mganga akawa anangoja nyumba. Ikupa alipozidiwa shambani, Asukile alimpakata katikati ya pikipiki wakapita mbele ya zahanati hiyo, nyeupe na bluu, jiwe lake la ufunguzi linang'aa kwa mvua. Hawakufika mjini na mtu aliye hai. Kwenye mazishi Asukile alimwambia Venance jambo fulani mbele ya jeneza, na ukoo mzima wa Ikupa ukasusa kukanyaga pale miezi mitatu.

Neema, binti yake, hakutaka miezi mitatu mingine.

Neema alikuwa anafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni mjini Tukuyu, na wenye nyumba walikuwa wamempeleka semina ya kusema vizuri na wateja. Kutoka huko alirudi na daftari na tabia ya kutabasamu kabla hajaambiwa kitu. Jioni ile alimketisha baba yake, akamwambia kwamba hata kupokea zawadi usiyoitaka kuna namna yake. Kwanza unamshukuru mtu, si kitu. Pili unataja jambo moja jema la kweli kuhusu hicho kitu. Usidanganye, tafuta moja tu, haliwezi kukosekana. Tatu unaeleza utakavyokitumia. Halafu unanyamaza.

Asukile akauliza, na kama mtu hakitaki?

"Hiyo ya nne haipo, baba."

"Basi semina yenyewe ni ya serikali."

Neema hakucheka. Akamwambia kwamba yeye naye alisikia maneno ya mama kuhusu saruji, lakini mama amelala, na walio macho ni hawa. Ukoo wa mama ukiwaacha, wao wamebaki wawili, na siku moja atabaki mmoja. Hapo akajifanya anatafuta ukurasa. Asukile alimtazama, akaona ana haki ya kuogopa. Akaahidi atasema yale matatu na hataongeza hata nukta. Basi sasa akawa na ahadi mbili, kwa mke na kwa binti, na hazikuwa zinaelekea upande mmoja.

Aliyafanyia mazoezi kwa ng'ombe. Alisimama zizini na kusema kwa heshima kwamba anamshukuru Mheshimiwa kwa moyo wake. Akafika kwenye jambo moja jema la kweli, akakwama. Ng'ombe alimngojea akitafuna. Kwa siku nne hakulipata.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya shughuli ya kuzindua kaburi, fundi alifika. Aliitwa Mudathiri, mwenye duka la mawe na marumaru karibu na stendi ya Tukuyu. Babu yake alipanda milima hiyo kutoka pwani na cherehani moja, akasema anakaa msimu mmoja, na wajukuu wakazaliwa hapo hapo wakiwa wanajua matusi ya Kinyakyusa kuliko wenyeji. Mudathiri alikuja na gari la mizigo, wafanyakazi wawili, mifuko ya saruji, maboksi ya marumaru, na jiwe lenyewe, limefunikwa pazia la bluu lenye kamba ya kuvutia. Akaomba radhi kwamba ana haraka, anataka kuwahi sala.

Wakachimba mtaro kuzunguka kaburi, kina cha shubiri mbili. Asukile alisimama kwenye migomba akiwatazama, na kila jembe lilipoingia alihisi kama linamchomoa jino. Mtaro ulipokamilika wakaacha. Mudathiri akaeleza kwamba tofali la kwanza ataliweka Mheshimiwa mwenyewe kesho mbele ya mpiga picha, ndiyo maana wao wameambiwa waishie hapo. Jiwe wakalisimamisha kwa muda kwenye fremu ya mbao, pazia juu yake, wakaenda kunawa mikono.

Asukile akafunua pazia.

Alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu, halafu baba yake akaona ng'ombe wana shida kubwa zaidi. Kusoma alijua, ila kwa mwendo wa kupanda mlima: neno moja, pumzi, neno jingine. Alianza juu na kushuka, kidole kikifuata herufi zilizochongwa na kupakwa rangi ya dhahabu. Alipofika mwisho akarudi juu, akidhani kosa ni lake. Akasoma tena. Kisha kikamtoka kitu ambacho wafanyakazi wa Mudathiri walidhani ni kikohozi, na Neema, aliyekuwa anaosha masufuria ya kuazima, akatoka mbio kwa sababu alikitambua. Ilikuwa mwaka mzima hajamsikia baba yake akicheka.

Mudathiri naye akaja. Akasoma kazi ya mikono yake mwenyewe kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Rangi ikamshuka.

"Wallahi, mzee wangu, mimi huchonga ninachoandikiwa," akasema, na akatoa simu kuonyesha. Ujumbe wa Mheshimiwa ulikuwa pale, mfupi, wa mtu mwenye shughuli: *Tengeneza kama lile la zahanati. Badilisha jina tu.* Kiwandani kwake alikuwa na karatasi za mawe yote ya Mheshimiwa. Kijana wa kompyuta alitoa jina la zahanati akaweka la marehemu, mashine ikakata, yeye akapaka rangi usiku na mchana maana oda zilikuwa nyingi, mwaka wenyewe ndio huu. Nani husoma jiwe? Yeye huhesabu herufi tu.

Akampigia Mheshimiwa pale pale. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na mara ya tatu ikakatwa, ukaja ujumbe: *Niko kikaoni. Lolote wewe endelea tu.*

Mudathiri akasema anaweza kuliondoa jiwe mara moja, akalijaze na kulichonga upya hata kama hatalala. Neema akamuunga mkono. Asukile akatikisa kichwa. Akasema kwa upole, upole ambao Neema hakuupenda hata kidogo, kwamba jiwe hilo bado si lake, atapewa kesho. Leo akiliruhusu liguswe atakuwa ameharibu mali ya Mheshimiwa, na Mheshimiwa mwenyewe kwa maandishi amesema waendelee.

Akawakaribisha chai. Mudathiri alikunywa akiwa amejikunja, hana raha, akaanza kuongea ili kujaza kimya. Akasema hilo ni jiwe la tisa analomchongea Mheshimiwa. La shule, la choo cha soko, la kisima, hayo yote ya majengo. La kaburi ndiyo mara ya kwanza. Yeye alishangaa kidogo, maana anajua hata mama mzazi wa Mheshimiwa ametangulia, akamuuliza kwa nini wasichonge mawili kwa pamoja. Mheshimiwa akamjibu kwamba la mama yake liko ndani sana, gari halifiki.

Asukile akaweka kikombe chini, hacheki tena. Alimjua mama huyo vizuri. Jenifer ndiye aliyemlea Ikupa baada ya mama yao kufa, ndiye aliyempokea Asukile siku ya kwanza alipokwenda kujieleza, na mpaka anazeeka Ikupa hakukaa kwenye kiti dada yake akiwa amesimama. Alikuwa amezikwa kwa mumewe, upande wa Kinyala. Asukile alipita huko mwezi wa pili. Msalaba wa mti ulikuwa umeanguka, magugu yamefika kiunoni, na mbuzi wa mtu alikuwa amefungwa hapo.

Mudathiri alipoondoka, Asukile alikwenda zizini. Safari hii hakukwama popote.

Jumamosi turubai lilisimama tangu asubuhi. Viti vya kukodi, spika mbili, kwaya yenye sare, na watu, maana ilisemekana kuna nyama. Tangazo lilisema saa nne. Mheshimiwa Venance alifika saa sita na robo, suti ya kijivu, viatu vya ncha kali, mpiga picha mmoja mbele yake na mwingine nyuma. Aliruka mtaro, akasimama upande wa miguuni kwa Ikupa, akazungumza muda mrefu. Akasema mama mdogo alikuwa mama wa wote. Akasema maendeleo hayabagui aliye hai na aliyefariki. Akasema wapo wanaosema viongozi wanasahau kwao, basi na waje waone. Wakati anasema visigino vyake vilikuwa vinazama kwenye kichuguu, kwanza kimoja, halafu kingine, naye akivichomoa anakanyaga pengine.

Kisha akavuta kamba. Pazia likaanguka, makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata. Hakuna aliyesoma. Watu hawasomi mawe ya namna hiyo, wanayapigia makofi. Venance mwenyewe alikuwa amelipa jiwe mgongo, anatazama kamera.

Mshereheshaji akampa Asukile kipaza sauti atoe neno la shukrani. Asajile, mstari wa mbele, alikunja mikono kifuani kama mlinzi. Neema alisimama kando ya masufuria na mwiko mkononi, midomo yake ikisema kimya kimya: mtu, si kitu.

Asukile akasema kwanza anamshukuru Mheshimiwa Venance, mtoto wao, kwa kukumbuka kwamba hapa pana kaburi. Wengine wengi hupita. Ndaga fijo.

Watu wakaitikia. Neema akashusha pumzi.

Akasema pili, zawadi hii ina jambo moja jema, nalo ni la kweli. Maandishi yake ni makubwa. Yeye ni mtu wa darasa la tatu, vitabu vya siku hizi vinampita, lakini hili hata yeye analiweza. Kwa furaha hiyo anaomba alisome.

Venance akatabasamu, akampungia mkono: soma, baba mdogo, soma.

Asukile akaenda mbele ya jiwe, akaweka kidole. Akasoma kwa mwendo wake ule wa kupanda mlima, na spika mbili zikalipeleka kila neno mpaka ng'ambo ya barabara.

"Kaburi hili. La marehemu Bibi Ikupa. Limefunguliwa rasmi." Akapumzika. "Na Mheshimiwa Diwani. Kwa matumizi. Ya wananchi wote." Akasogeza kidole chini. "Mradi huu. Ni mali yenu. Utunzeni."

Kwaya ilikuwa imeinua mikono tayari kwa wimbo. Mikono ikabaki juu.

Kikawa kimya cha watu mia mbili wanaotazamana kuona kama wenzao nao wamesikia. Mama mmoja akavuta watoto wake wawili kwa nyuma, mbali na kaburi lililofunguliwa. Mzee wa kanisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma, akaivua tena. Ndipo ajuza mmoja, jirani wa upande wa Kawetele, bila kipaza sauti wala haraka, akawatuliza wenzake: "Msiogope. Kila alichokifungua huyu kimefungwa."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikashika kwaya, kikaenda mpaka kwa waendesha pikipiki barabarani. Venance akageuka na kulisoma jiwe kwa mara ya kwanza. Akasoma mpaka chini. Halafu akamtafuta Mudathiri kwa macho, macho ya kumla mtu. Mudathiri alikuwa amekaa nyuma kabisa na kanzu yake safi ya Ijumaa. Alitoa simu tu, akaifuta kioo kwa upindo wa kanzu, akaishika mkononi pale inapoonekana. Venance akaacha kumtazama.

Asukile akangoja. Alikuwa na subira ya mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuwa na pa kwenda. Kicheko kilipoisha akasema bado hajamaliza, kwa sababu amefundishwa na binti yake kwamba mtu muungwana akipewa kitu lazima aeleze atakavyokitumia.

Akasema Mheshimiwa anamwita marehemu mama mdogo, na ndivyo ilivyo, Ikupa alikuwa mdogo. Mkubwa ni Jenifer. Jenifer aliyemzaa Mheshimiwa amelala Kinyala, na yeye Asukile amepita huko mwaka huu, hakukuta jiwe wala tofali. Alikuta mbuzi. Sasa Ikupa, wote wanamjua, hakukaa dada yake akiwa amesimama. Leo akimlaza kwenye marumaru na dada yake yuko kwenye magugu, atakuwa amemfundisha utovu wa adabu akiwa hawezi kujitetea.

"Kwa hiyo nimelipokea," akasema. "Nimepokea jiwe, nimepokea saruji, nimepokea marumaru, vyote. Ni vyangu sasa. Na matumizi yangu ni haya: vinakwenda kwa mkubwa kwanza. Huyu wangu atangoja zamu. Hana haraka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu waligeuka wakamtazama Asajile, kwa sababu wote wawili, Jenifer na Ikupa, walikuwa dada zake, na ukubwa aliosemea kwa niaba ya wote sasa ulikuwa unamdai. Mzee akainuka taratibu. Aliuliza kama ni kweli kuna mbuzi. Akaambiwa ni kweli. Akavua kofia, akaigeuzageuza, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hakumbuki mara ya mwisho kufika huko.

Venance akasogea, akasema kwa sauti ya kikao kwamba wazo la baba mdogo ni zuri, litafanyiwa kazi, ila kule barabara ni mbovu, gari la saruji halifiki, labda kwa bajeti ijayo.

"Jenifel tulimbeba mabegani," Asajile akasema, lafudhi ya kwao ikimtoka. "Saluji nayo itabebwa. Mkubwa kwanza, hilo halina kikao."

Na ilikuwa ajabu kubwa, kwamba Asajile apate jambo lisilo na kikao. Lakini alikwisha kulisema mbele ya watu, na wazee walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, na watu wa ukoo wa upande wa Kinyala waliokuwa wamekaa pale wakavimba kwa kukumbukwa. Venance alitazama kamera zake mbili. Angesema hapana, angekuwa amemkatalia mama yake mzazi jiwe mbele ya wapiga kura. Akasema ndiyo. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kama vile lilitoka kwake tangu mwanzo, na mshereheshaji, mtu mwenye akili, akaomba makofi.

Watu walipokuwa wanajipanga kwa ajili ya nyama, Venance alimkaribia Asukile, akainama sikioni, tabasamu lake bado liko mahali pake kwa ajili ya picha.

"Baba mdogo, si ungeniambia tu."

"Ulikuwa kikaoni."

Venance hakungoja nyama. Mudathiri alimfuata mpaka kwenye gari, akamwomba kwa adabu kwamba jiwe la mama yake mzazi, kama hatajali, maneno yake ayaandike mwenyewe, yote, kwenye karatasi, na aweke sahihi. Kisha vijana wa kijiji wakapakia mifuko na maboksi, wakalilaza jiwe juu yake kifudifudi, na gari la mizigo likaondoka kuelekea Kinyala likiyumba.

Asukile hakujidanganya. Alijua Venance atashinda tena. Picha za kubeba saruji mabegani zitakuwa nzuri kuliko hata hizi, mtoto mwema anapanda kilima kwa mama yake, na wapo watakaolia wakiziona. Hakukuwa na jiwe ambalo mtu yule hangeweza kulipanda. Ila litakuwa juu ya mama yake mwenyewe, na lilikuwa limetoka hapa.

Kabla ya kuondoka Asajile alikuja kuaga. Alisimama kwa muda, anahangaika na kofia, kisha akasema shukrani aliyoitoa shemeji ilikuwa ya kiungwana kabisa, hata yeye hakutarajia. Hakufafanua, na Asukile hakumsaidia kufafanua. Walipeana mkono kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Turubai likashushwa, spika zikachukuliwa na wenyewe. Asukile akaleta jembe na beleshi. Mtaro ulikuwa bado wazi, unazunguka kaburi pande zote, na udongo uliochimbuliwa umekanyagwa na watu mpaka umeshikamana kama tope la tofali. Akaanza kuurudisha. Baada ya muda Neema akaja, na viatu vyake vya kazini, akachukua beleshi bila kuulizwa.

Walijaza upande wa kichwani kwanza. Neema alisema hajui kama akasirike au la. Mwenye semina angeyasikia yale angempokonya cheti. Baba yake akamwambia alisema matatu, hakuongeza nukta. Neema akafikiria, akahesabu kwenye vidole vyenye udongo, akakuta ni kweli.

Walipofika upande wa miguuni Asukile akaweka jembe chini, akapiga magoti. Kichuguu kilikuwa na matundu, madogo, ya kina, safu mbili, pale visigino vya Mheshimiwa vilipozama wakati wa hotuba. Akaanza kuyavunja kwa vidole moja baada ya jingine, akiulainisha udongo na kuusambaza, taratibu, kama anavyofanya kila Jumapili. Neema akapiga magoti upande wa pili. Mvua ikaanza kudondoka, ile nyembamba ya jioni, nao hawakuinuka. Walikuwa na matundu kama kumi bado.